Umeme wa Taifa: Tushike Urani, au Tushike Maji, Jua na Upepo?

Mwezi wa Julai mwaka 2025, katika Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma, ulizinduliwa mtambo wa majaribio wa kuchenjua urani ya Mto Mkuju. Tangu hapo limezidi kusikika swali ambalo zamani lilikuwa la wataalamu peke yao. Ikiwa urani imo katika ardhi yetu wenyewe, na ikiwa Wafaransa huwasha taa na kuendesha viwanda vyao kwa urani kuliko kwa kitu kingine chochote, kwa nini na sisi tusijenge mtambo wa nguvu za nyuklia, tukaachana na desturi ya kutazama mawingu kila mwaka na kuuliza kama mvua itakuja?

Swali hili ni la haki, na aliyeuliza asichekwe. Wala asijibiwe kwa kutishwa, au kwa kuambiwa kwamba mambo hayo ni makubwa kuliko akili yake. Umeme ni mali ya wananchi. Wao ndio wanaoulipia kila wanaponunua tokeni za LUKU, na deni lo lote litakaloingiwa kwa ajili ya umeme watalilipa wao na watoto wao. Kwa hiyo twataka leo kuupima ubishi huu kwa pande zake zote mbili, kisha tuseme wazi sisi tunasimama wapi.

Hofu ya Mvua

Tuanze na hoja ya wale wanaoitaka nyuklia, maana ina nguvu.

Wafanya kazi wengi wanakumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa mwaka 2011. Fundi wa kuchomelea alikaa kitako mbele ya karakana yake akingoja. Mwenye mashine ya kusaga aliwarudisha nyumbani akina mama na debe zao za mahindi. Viwandani zamu zilikatwa, na zamu ikikatwa ujira nao hukatwa. Chanzo cha shida hiyo kilikuwa ukame: maji ya bwawa la Mtera yalishuka, na Mtera ikishuka Kidatu nayo huumia, kwa kuwa mabwawa hayo mawili yako juu ya mto mmoja, Ruaha Mkuu.

Leo tunalo Bwawa la Mwalimu Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingizwa katika gridi ya Taifa mwezi wa Februari 2024, na mwaka 2025 yote tisa ilikuwa imekamilika. Hiyo ni kazi ya kujivunia, na hatuna maneno ya kuipunguza. Mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima katika mwaka 2025 yalikuwa karibu megawati 1,900, na uwezo wa mitambo yetu yote pamoja umepita megawati 4,000. Kwa hesabu hiyo tumeshiba.

Lakini msomaji na atazame ramani. Ruaha Mkuu, wenye Mtera na Kidatu, humwaga maji yake Rufiji. Mto Kihansi, wenye mtambo wa megawati 180, huingia Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji. Na Bwawa la Nyerere lenyewe liko hapo hapo Rufiji. Maana yake ni kwamba karibu umeme wetu wote wa maji hutegemea bonde moja la mto mmoja. Mvua ikikosekana juu ya milima ya bonde hilo, hakuna bonde jingine la kutuokoa. Tena Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi yake wakati wa kiangazi, kwa sababu ya maji mengi yanayochukuliwa huko Usangu juu yake. Hata mvua ikizidi ni shida: mwaka 2024 mafuriko yaliwatoa wakulima wa Rufiji na Kibiti mashambani mwao.

Ndipo wapenzi wa nyuklia wanapotuambia: kinu cha nyuklia hakijui masika wala kiangazi. Hufanya kazi usiku na mchana, na kwa kawaida hupita mwaka na nusu kabla ya kusimamishwa ili kitiwe kuni mpya. Hakitoi moshi wa kuchafua anga. Katika Muungano wa Falme za Kiarabu, nchi ya jangwa iliyo tajiri wa mafuta, vinu vinne vya Barakah hutoa karibu robo ya umeme wote wa nchi. Afrika ya Kusini inacho kituo cha Koeberg, karibu na Cape Town, tangu mwaka 1984. Hayo yote ni kweli tupu, na anayeyakana anajidanganya.

Pamba na Kitambaa

Hata hivyo iko hoja moja inayosemwa mno ambayo yafaa tuiondoe mapema, nayo ni ile isemayo kwamba tunayo urani, basi tunao umeme.

Mkulima wa Shinyanga anaweza kuvuna pamba marobota kwa marobota na bado akavaa shati lililofumwa ng'ambo. Pamba haiwi kitambaa mpaka ichambuliwe, isokotwe na ifumwe, na kila hatua inataka kiwanda chake. Urani ni vivyo hivyo, tena ni zaidi. Jiwe likitoka Namtumbo huchenjuliwa likawa unga wa manjano. Unga huo hauwashi hata taa moja. Hugeuzwa kuwa gesi, kisha gesi hiyo hurutubishwa, kwa maana katika urani ya asili sehemu inayofaa kwa vinu vingi haifiki hata moja katika mia, nayo lazima ipandishwe ifike kiasi cha tatu hadi tano katika mia. Baada ya hapo ndipo hutengenezwa vidonge na fito za kutiwa kinuni. Nchi zenye viwanda vya kurutubisha urani zahesabika kwa vidole, na kazi hiyo hutazamwa na mataifa kwa jicho kali sana, kwa kuwa njia iendayo kwenye umeme yaweza kupindishwa ikaenda kwenye bomu.

Basi tukijenga kinu leo, urani ya Namtumbo itasafiri kwenda kwa wengine, kisha tutaiuziwa tena ikiwa fito, kwa bei yao. Hatusemi jambo hilo ni haramu. Petroli tunainunua hivyo kila siku. Twasema tu kwamba mtu asiite jambo hilo kujitegemea.

Ng'ombe na Zizi

La pili ni ukubwa. Vinu vinavyojengwa sana duniani siku hizi huwa na megawati elfu moja na zaidi kila kimoja. Misri inajenga vinne vya megawati 1,200 huko El Dabaa, pwani ya Mediterania. Gridi ya Misri ni kubwa kuliko yetu mara nyingi. Wahandisi wana kanuni ya busara isemayo kwamba mtambo mmoja usizidi kiasi cha sehemu moja ya kumi ya gridi nzima, kwa kuwa mtambo wo wote waweza kusimama ghafla, na mzigo wake ukaiangukia mitambo mingine. Kwetu hata mtambo mmoja wa Bwawa la Nyerere, wenye megawati 235, umekwisha pita kiasi hicho. Kinu cha megawati elfu moja kingekuwa zaidi ya nusu ya mahitaji yetu ya juu. Siku kingesimama, nchi nzima ingelala gizani. Huyo ni ng'ombe mkubwa kuliko zizi.

Wako wanaojibu kwamba sasa vinaundwa vinu vidogo. Ni kweli. Warusi wanavyo viwili vya megawati 35 juu ya meli huko Pevek, katika bahari ya barafu, na Wachina walianza mwezi wa Desemba 2023 kuuza umeme wa kituo cha aina mpya huko Shidao Bay. Lakini vinu hivyo bado ni vichache mno hata katika nchi za waundaji wenyewe. Atakaye nguo mpya huacha fundi azoee kuishona kwanza kwa wengine.

Deni Halilali

La tatu, nalo kwa mfanya kazi ndilo kubwa, ni fedha na muda.

Wafaransa ni mabingwa wa nyuklia. Hakuna Taifa lenye kuitegemea kuliko wao. Walianza kujenga kinu cha Flamanville mwaka 2007, wakasema kitakwisha mwaka 2012 kwa Yuro bilioni 3.3. Kiliunganishwa na gridi mwezi wa Desemba 2024, na gharama ilikuwa imepita Yuro bilioni 13. Ikiwa mwalimu mwenyewe amechelewa miaka kumi na miwili, mwanafunzi atachelewa miaka mingapi? Huko Barakah kazi ilikwenda vizuri zaidi: mkataba ulitiwa sahihi mwaka 2009, na kinu cha kwanza kikatoa umeme mwaka 2020. Lakini wale walikuwa na fedha za mafuta. Misri imekopa Urusi dola bilioni 25 kwa ajili ya El Dabaa.

Mtambo unaochelewa hauuzi umeme, na riba haingoji. Nasi tunayo kumbukumbu yetu wenyewe ya mikataba inayotiwa sahihi kwa haraka kwa sababu ya giza. Mkataba wa umeme wa dharura wa mwaka 2006 haukuondoa giza, bali ulimfanya Waziri Mkuu ajiuzulu mwezi wa Februari 2008. Fundisho tulilolipata ni kwamba mwenye kiu kali hanunui maji kwa bei nzuri. Mkataba wa nyuklia hudumu miaka sitini, na kosa lake litalipwa na vijukuu.

Usalama na Takataka

Juu ya usalama tunataka kusema kwa kiasi. Kinu cha Chernobyl kiliripuka tarehe 26 Aprili 1986, na maelfu ya watu wakahamishwa makwao wasirudi. Huko Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011, tetemeko na wimbi la bahari viliharibu vinu katika nchi ambayo haikosi ustadi. Wajerumani walivifunga vinu vyao vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023. Lakini haki yataka tuseme pia kwamba makaa ya mawe, kwa moshi wake wa kila siku, yameua watu wengi kuliko nyuklia. Nyuklia si shetani.

Maswali yaliyo yetu hasa ni mawili. La kwanza: tutakiweka wapi? Kinu kinataka maji mengi ya kukipoza, yaani kando ya bahari au ya ziwa. Na maziwa yetu makuu yako katika nchi ya Bonde la Ufa na jirani zake, ambako ardhi hutikisika. Watu wa Kagera hawajasahau tarehe 10 Septemba 2016. Kando ya bahari wako wavuvi, nao wana kauli. Ndugu zetu wa Kenya walipochagua Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, wenyeji waliandamana mwaka 2024 wakikataa, wakihofia bahari inayowalisha. La pili: takataka zake tutazitunza nani na wapi, nazo hubaki na sumu kwa maelfu ya miaka? Tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki huko Arusha, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2003, nayo hufanya kazi yake ya kulinda watu dhidi ya mionzi. Lakini kusimamia kinu kunataka jeshi zima la wahandisi na wakaguzi, na jeshi hilo halifunzwi kwa mwaka mmoja wala kwa mitano.

Jua Nalo Huzama

Sasa tuwageukie wanaotaka jua na upepo, maana nao wana mambo ya kujibu. Jua huzama saa kumi na mbili jioni, na saa moja ndipo kila nyumba inapowasha taa. Upepo huvuma ukitaka. Asemaye kwamba nchi itaendesha viwanda na treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma kwa jua peke yake, huyo naye anauza ndoto.

Wala miradi hii haikosi madhambi. Huko Loiyangalani, Kenya, kando ya Ziwa Turkana, imesimamishwa mitambo ya upepo 365 yenye megawati 310, mradi mkubwa wa kusifiwa. Lakini mitambo ilikuwa tayari kabla ya njia ya umeme, ikakaa bure hadi mwaka 2018, na faini wakalipishwa wananchi. Tena mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha taratibu. Upepo ni wa Mungu, lakini ardhi ni ya wafugaji.

Hata hivyo liko jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko kwa mataifa mengi. Sisi tayari tunalo ghala la umeme, nalo ni bwawa. Jua likifanya kazi mchana, maji yapumzike nyuma ya ukuta. Jioni jua likizama, maji yafunguliwe. Miezi ya kiangazi, mito inapopungua, ndiyo miezi ya jua kali, na kusi huvuma. Kwa hiyo jua na upepo havishindani na bwawa; huliongezea umri wa maji yake. Na bei ya mitambo ya jua imeanguka kwa kiasi cha tisa katika kumi tangu mwaka 2010. Mradi wa Kishapu, mkoani Shinyanga, umepangiwa megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa 50. Upepo wa Singida umesemwa kwa miaka mingi, na maneno hayawashi taa.

Liko pia joto la ardhi. Mwenye kutaka umeme wa usiku na mchana usiojua mvua haimpasi kwenda kwenye atomi. Na aende Olkaria. Wakenya walianza huko mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, na leo mvuke wa ardhini huwapa kiasi cha sehemu nne katika kumi za umeme wao wote. Bonde la Ufa lililo lao ndilo lililo letu. Sisi tumeanza kuchoronga Ngozi, mkoani Mbeya, lakini megawati tulizokwisha pata kwa mvuke ni sifuri. Kuchoronga ni kazi ya gharama, na kisima chaweza kutoka kikavu. Lakini kisima kikavu ni hasara ya mara moja, wala si deni la miaka sitini.

Nyaya Kabla ya Vinu

Mwezi wa Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Watu wengi walishangaa: tumemaliza bwawa kubwa, twanunuaje kwa jirani? Sababu iliyotolewa ilikuwa umeme unaopotea njiani kutoka Rufiji hadi Arusha na Kilimanjaro. Jambo hili litufungue macho. Shida yetu ya leo si uchache wa umeme kwenye mitambo. Ni umbali wa mitambo na mtu, na uchakavu wa njia iliyo katikati. Na bado nyumba zaidi ya nane katika kumi hupika kwa kuni na mkaa. Kinu cha nyuklia hakitamfikia mama huyo mapema kuliko waya.

Maoni Yetu

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliukumbusha Mkutano Mkuu wa TANU kwamba kupanga ni kuchagua. Nasi twachagua hivi.

Kwanza, zijengwe njia kuu za umeme na zikarabatiwe za mitaani. Pili, jua la Shinyanga na upepo wa Singida vifungwe nira moja na bwawa la Rufiji. Tatu, fedha ya kutosha itengwe kwa kuchoronga joto la ardhi. Nne, maji ya Usangu na Kilombero yalindwe kama tunavyolinda mitambo yenyewe, kwa kuwa bwawa lisilo na mto ni ukuta mtupu. Gesi ya Songo Songo na Mtwara itatusindikiza tuwapo safarini.

Juu ya nyuklia, mlango usifungwe. Vijana wapelekwe kusoma elimu hiyo tangu sasa. Tume ya Arusha iongezewe wataalamu. Vinu vidogo vitazamwe kwa makini mpaka vithibitike. Lakini usitiwe sahihi mkataba wo wote wa kinu kabla Bunge halijaelezwa hadharani mambo manne: ukubwa wake ukilinganishwa na gridi, bei na riba, mahali pa kutupia takataka, na ni nani atakayelipa kikichelewa.

Na wakati ubishi huu unaendelea, tusiwasahau watakaoingia machimboni Namtumbo. Kinu chaweza kungoja, lakini vumbi la urani halingoji. Wachimbaji wapewe vipimo vya mionzi, hewa safi na daktari, na majibu ya vipimo wasomewe wao wenyewe. Chama cha wafanya kazi kiwe mlangoni tangu siku ya kwanza. Machimbo yale yako katika ardhi iliyomegwa mwaka 2012 kutoka Pori la Selous, na maji ya upande ule hutiririka kuelekea bonde la Rufiji, lile lile linalowasha taa zetu. Mto mmoja hauwezi kutumikia bwawa na wakati huo huo kubebeshwa sumu.

Ndugu wanachama na wafanya kazi, yaulizeni mambo haya katika vikao vyenu. Ulizeni njia ya umeme ya wilaya yenu itakwisha lini, ulizeni visima vya Ngozi vimefika wapi, ulizeni wachimbaji wa Namtumbo wanapimwa na nani. Majibu ya maswali hayo yatakapokuwa mezani, Taifa litakuwa na haki ya kuzungumza juu ya kinu.